Runinga huchaguliwa nyumbani, si dukani

*Kabla hujavuka Daraja la Nyali kwenda mjini kutafuta runinga mpya, keti kwenye kochi lako uutazame ukuta. Jibu la inchi ngapi, na la aina gani, liko hapo.*

Na Mwandishi Wetu, Kiembeni

Tuktuk ilisimama mbele ya lango saa kumi za jioni, Jumamosi, boksi limetokeza pande zote mbili kama mabawa. Vijana waliokuwa barazani waliinuka kusaidia bila kuitwa. Ndani ya boksi mlikuwa na runinga ya inchi 65, na ilikuwa inapanda orofa ya pili kwa jamaa yangu, katika nyumba ya chumba kimoja na sebule hapa Kiembeni.

Hadi kwenye ngazi ilikuwa furaha tupu. Hesabu iligoma sebuleni.

Ukuta ulio wazi, kati ya mlango wa chumba cha kulala na dirisha, ulikuwa wa futi tano. Runinga ilienea, ila ikabakisha nafasi ya vidole viwili kila upande, na mlango wa chumbani ukawa unafunguka nusu. Kutoka kwenye kochi hadi kwenye kioo palikuwa na futi sita tu.

Ilipowashwa kwa taarifa ya saa moja, uso wa msomaji habari ulijaa ukuta, kingo zimefifia, na maandishi ya chini yana ukungu kama kioo kilichopigwa na mvuke. Nyanya yetu, ambaye kiti chake ndicho kilicho karibu zaidi, alitazama kidogo kisha akakigeuza. Alisema anaona kana kwamba watu wa habari wanataka kumkalia mapajani.

Wiki mbili baadaye runinga ile ilihamia Mtwapa, kwa mjomba mwenye sebule pana, kwa bei ya hasara. Runinga yenyewe ilikuwa nzima na nzuri. Nyumba ndiyo haikuwa saizi yake.

Mhariri alipoyasikia hayo alinituma nitafute jibu la swali ambalo huulizwa kila siku na hujibiwa na muuzaji: mtu wa Kiembeni anunue runinga ya ukubwa gani, na ya aina gani?

Zamani boksi ndilo lililoamua

Wazazi wetu hawakuwa na swali hili. Kituo cha televisheni cha Sauti ya Kenya kilipofunguliwa Mombasa mwaka 1970, mwenye televisheni alikuwa mtu wa kutembelewa. Hata miaka ya 1990, nyumba nyingi za mitaani zilikuwa na Great Wall ya inchi 14 yenye picha nyeusi na nyeupe, ikifunikwa kitambaa cha kudariziwa mchana na kufunuliwa jioni.

Televisheni hizo zilikuwa na mgongo mrefu. Kadiri kioo kilivyokuwa kikubwa, ndivyo mgongo ulivyozidi na uzito ulivyopanda, kwa hivyo meza na pembe ya chumba ndizo zilizoweka mpaka. Inchi 21 ilikuwa fahari ya nyumba.

Kisha mambo mawili yakaja kwa pamoja. Kioo kikawa bapa, kikaacha kula nafasi ya sakafu. Halafu, mwaka 2015, Kenya ikazima mitambo ya analogi. Wengi wanakumbuka Februari ya mwaka huo, wakati Citizen, NTV na KTN zilipotoweka hewani kwa karibu wiki tatu katika mzozo wao na Mamlaka ya Mawasiliano. Zilipoanza kurudi, mwenye televisheni ya zamani alihitaji king'amuzi. Mwenye televisheni mpya aliambiwa king'amuzi kimo ndani.

Tangu hapo bei zimekuwa zikishuka na vioo vikipanuka. Msimu wa mpira nao huchochea. Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa kuandaa AFCON ya 2027 kwa pamoja, na kila duka litakuwa na bango la inchi nyingi kwa fedha kidogo. Mpaka uliowekwa na mgongo wa televisheni haupo tena. Sasa mpaka ni lazima tuuweke wenyewe.

Leso ukutani

Inchi za runinga hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe ya chini ya kioo hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Hapo ndipo mnunuzi wa kwanza hupotea, kwa sababu ukuta wake haupimwi kwa mshazari. Ukuta una upana na urefu.

Kwa kioo cha kisasa, vipimo ni hivi: inchi 32 ina upana wa sentimita 71 na kimo cha 40. Inchi 43 ni 95 kwa 54. Inchi 50 ni 111 kwa 62. Inchi 55 ni 122 kwa 68. Inchi 65 ni 144 kwa 81. Ongeza sentimita moja au mbili za fremu.

Namba hizi hazisemi kitu hadi uzione ukutani, na kila nyumba ya Mombasa ina chombo cha kuzionyesha. Leso moja ina urefu wa takriban mita moja na nusu, na kimo cha mita moja na ziada kidogo. Itandaze ukutani kwa urefu wake: runinga ya inchi 65 inakaribia kuimaliza kutoka pindo hadi pindo. Izungushe isimame, na ule upana wake mfupi ndio karibu upana wa inchi 50. Kwa saizi nyingine, ikunje mpaka ifike kipimo, kwa futi ya fundi cherehani.

Ibandike kwa vipande vya selotepu, kisha nenda ukakae. Kila mtu na akae pale anapokaa siku zote: baba kwenye kochi, watoto kwenye mkeka, nyanya kwenye kiti chake. Mlango ufunguliwe na pazia livutwe. Iachwe ukutani siku mbili. Ikiwa leso inakukera, kioo chenye mwanga kitakukera zaidi.

> "Ikiwa leso inakukera ukutani, kioo chenye mwanga kitakukera zaidi."

Kanuni ya nne na saba

Baada ya upana wa ukuta kuna umbali wa macho. Wataalamu wa picha wana hesabu ndefu, lakini kwa matumizi ya nyumbani zinatosha namba mbili.

Zidisha inchi za runinga kwa nne. Jibu ni sentimita, na ndio umbali wa karibu unaofaa kwa picha safi sana, kama filamu au mechi inayokuja kwa intaneti nzuri. Inchi 43 ni sentimita 172. Inchi 55 ni 220. Inchi 65 ni 260.

Kisha zidisha inchi hizohizo kwa saba. Huo ndio umbali unaofaa kwa picha ya kawaida, ile ambayo stesheni nyingi za bure hurusha. Picha hiyo imeundwa kwa mistari 576 tu kutoka juu hadi chini. Ukiivuta ijaze kioo kikubwa, mistari haiongezeki. Kila nukta inanenepa tu, na jicho lililo karibu linaziona. Kwa inchi 32 umbali huo ni sentimita 224; kwa inchi 43 ni mita tatu; kwa inchi 65 ni mita nne na nusu.

Sasa igeuze hesabu. Chukua umbali wa kochi lako kwa sentimita. Gawanya kwa saba, upate saizi ya mtu wa habari na vipindi vya kawaida. Gawanya kwa nne, upate saizi ya juu kabisa ya mtu wa filamu na mpira wa intaneti. Saizi yako iko kati ya hizo mbili.

Sebule ya jamaa yangu ilikuwa na futi sita, yaani sentimita 183. Kwa saba ni inchi 26; kwa nne ni inchi 46. Inchi 32 ingefaa, na 43 ingekuwa kikomo. Sitini na tano haikuwa na nafasi katika hesabu hiyo tangu mwanzo.

Sebule ya futi kumi kwa kumi na mbili, ambayo kochi lake liko futi nane kutoka ukutani, ina sentimita 244. Hapo jibu linaanzia inchi 35 na kuishia 61. Mwenye nyumba ana uhuru wa 43, 50 au 55, kulingana na anachokitazama.

Wanaosema kubwa ndiyo raha

Wapo wanaoipinga hesabu hii, na hawana hoja duni. Vijana niliozungumza nao hapa mtaani wanasema hakuna aliyewahi kujuta kununua kubwa. Anayejuta ni yule aliyenunua ndogo akaichoka ndani ya mwezi mmoja. Wanasema pia mpira ni wa watu wengi. Siku ya mechi sebule hujaa hadi mlangoni, na wa nyuma naye anataka kuuona mpira wenyewe, asibaki kushangilia kwa kufuata wenzake.

Muuzaji naye ana hoja yake. Tofauti ya bei kati ya saizi moja na inayofuata imepungua, na kuongeza kidogo leo ni nafuu kuliko kununua tena baada ya miaka miwili.

Ni kweli, kwa anayetazama kwa intaneti na mwenye nafasi ya kusogeza kochi. Kwa picha safi, kioo kikubwa ni neema: kinajaza macho, na mchezaji wa upande wa pili wa uwanja anasomeka namba.

Wanaosema inatosha

Upande wa pili wamo wazee, akina mama wanaopanga nyumba, na mafundi. Kwao sebule ya Pwani si ukumbi wa sinema. Ni mahali pa kupokea mgeni, pa kutandika mkeka wa chakula, pa mtoto kufanyia kazi ya shule, na mara nyingine pa kulala mpwa aliyetoka Malindi. Runinga inayomeza ukuta huviondoa hivyo vyote.

Wanakumbusha pia kwamba kinachoangaliwa zaidi nyumbani huenda si mechi. Ni taarifa ya habari, ni tamthilia za jioni, na katika nyumba za Waislamu ni ile chaneli ya setilaiti inayoonyesha Msikiti Mtukufu wa Makka saa zote, hasa mwezi wa Ramadhani. Nyanya yetu huiwasha alfajiri na kuipunguza sauti tu. Kwake runinga ni dirisha. Hahitaji liwe mlango.

Nimewasikiliza wote. Ninaloliona ni kwamba wanabishana juu ya inchi ilhali tofauti yao ni vipindi. Anayetazama intaneti anaongozwa na nne, anayetazama stesheni za bure anaongozwa na saba. Nyumba yenye wote wawili ichague katikati, na kiti cha mwenye macho dhaifu kihesabiwe kwanza.

4K na mwenzake

Katika duka, neno linalotajwa baada ya inchi ni 4K. Maana yake ni kioo chenye nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, mara nne ya zile za Full HD, ambayo ni 1,920 kwa 1,080. Runinga nyingi za inchi 32 ziko chini ya hapo, ni HD ya kawaida.

Kanuni ya nne inarudi hapa kwa kazi nyingine. Ukikaa mbali zaidi ya inchi zako mara nne kwa sentimita, jicho la kawaida halitofautishi 4K na Full HD. Kwa hivyo mwenye inchi 43 anayekaa mita mbili na nusu asilipie 4K akidhani ataiona. Ikiwa bei ni ileile, aichukue. Ikiwa imeongezwa, fedha hizo zina kazi nyingine.

Herufi nyingi, taa moja

LED, QLED, OLED: herufi zimefanana kwa makusudi ya kuuza, lakini ndani ni mambo tofauti.

Inayoitwa LED ni kioo cha LCD chenye taa ndogo za LED nyuma yake. Kioo hakitoi mwanga. Kinaruhusu au kuzuia mwanga wa nyuma. QLED ni kioo hichohicho, kilichoongezewa utando wa chembe ndogo mno zinazofanya rangi ziwe safi na kali zaidi. Mini-LED nayo ni LCD, ila taa za nyuma ni ndogo na nyingi sana, zinazoweza kufifishwa kwa mafungu, ili usiku wa kwenye filamu uwe mweusi kweli.

OLED ndiyo tofauti. Kila nukta inajiwakia yenyewe na kujizima yenyewe. Weusi wake hauna mfano. Lakini ni ghali, na picha isiyosogea, kama nembo ya stesheni iliyokaa pembeni kwa saa nane kila siku, inaweza kuacha kivuli cha kudumu. Kwa nyumba ambayo runinga haizimwi kutoka asubuhi hadi usiku, hilo si jambo dogo.

Sebule nyingi za Kiembeni hufunguliwa madirisha mchana ili upepo upite, na jua huingia na upepo huo. Hapo LED au QLED yenye mwanga wa kutosha hushinda OLED ya bei mbaya, kwani sifa ya weusi hupotea chumba kikiwa cheupe.

Kuna jambo jingine ambalo bango la duka halilitaji. LCD zina koo mbili kubwa. Zinazoitwa VA zina weusi mzuri ukikaa mbele yake, lakini rangi hupauka ukikaa pembeni. Zinazoitwa IPS zina weusi hafifu, ila aliye pembeni anaona karibu sawa na aliye mbele. Sisi ambao nusu ya watazamaji wako kwenye mkeka, ubavuni na chini, tuna sababu ya kuuliza. Na muuzaji asipojua, kuna njia ya macho: iwashwe picha ya uso wa mtu, kisha chuchumaa pembeni. Ngozi ikigeuka rangi ya majivu, umejibiwa.

> "Dukani usisimame tu mbele ya runinga. Chuchumaa pembeni, pale watoto watakapoketi."

Mezani kwa fundi

Aliyenifundisha zaidi si muuzaji. Ni fundi mmoja mwenye kibanda kisichozidi upana wa kitanda. Siku niliyofika, alikuwa amelaza runinga kifudifudi juu ya blanketi, mgongo umefunguliwa. Ndani mlikuwa na vipande virefu vya bati, na juu yake taa zimepangwa kama vifungo vya kanzu, kila moja imefunikwa kikombe cha plastiki. Alizigusa moja moja kwa ncha mbili za mita yake. Zikawaka, zikawaka, kisha moja ikakataa. Hiyo moja ndiyo iliyofanya nyumba nzima isikie sauti bila picha.

Alieleza kwamba runinga nyingi hutoka dukani mwanga wa nyuma umewekwa juu kabisa ili ing'ae mbele ya mteja. Ikiachwa hivyo nyumbani, taa huunguzwa na joto lake zenyewe. Dawa ni bure: ingia kwenye mipangilio, toa hali ya duka, punguza mwanga wa nyuma hadi macho yatulie.

Kwenye ubao mmoja alinionyesha kutu ya kijani penye viungo vya shaba. Ni hewa ya chumvi na unyevu wa Pwani. Kwenye mwingine palikuwa na mjusi kafiri aliyekauka, aliyeingia kwa matundu ya mgongoni kufuata joto akaunganisha nyaya mbili kwa mwili wake. Kwa hivyo runinga isisukumwe ikagusa ukuta wenye maji, na nyuma yake pafagiliwe.

Kioo kikipasuka, alisema, asidanganywe mtu. Bei ya kioo kipya hukaribia bei ya runinga. Ndiyo sababu boksi lisafirishwe limesimama, si kulazwa kwenye tuktuk. Na anayetundika akumbuke kwamba mawe ya matumbawe tunayojengea hapa ni laini. Skrubu fupi hutoka na vumbi lake. Atafute plagi ndefu, na atundike chini: katikati ya kioo palingane na macho ya aliyeketi, si karibu na dari kama kwenye hoteli.

Mpya au ex-UK?

Mombasa ni mji wa bandari, na runinga zilizotumika Uingereza, ex-UK kama tunavyoziita, zina wapenzi wengi. Kuna sababu. Uingereza na Kenya zina umeme unaolingana na plagi ya pini tatu ileile, kwa hivyo hazihitaji kibadilishi. Nyingi ni za majina makubwa, ambazo zikiwa mpya haziguswi.

Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao, na hapa tahadhari ni tatu. Kwanza, Kenya hurusha matangazo ya dijitali kwa mfumo wa DVB-T2. Runinga yenye DVB-T pekee, bila mbili mwishoni, haitashika stesheni zetu bila king'amuzi. Pili, ikiwa ni plasma, jua kwamba watengenezaji wakubwa waliiacha mnamo 2014. Ina umri, inakula umeme, na vipuri vyake ni shida. Tatu, smart ya zamani huenda haifungui tena programu za leo.

Mpya za bei nafuu nazo zina mitego yake. Neno "Android" kwenye boksi si sawa na Google TV yenye kibali. Nyingine zina mfumo wa jumla usiopata masasisho. Juni 2025, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitahadharisha kuhusu vifaa rahisi vya burudani vya intaneti vilivyokutwa na programu haribifu. Njia salama kwa mwenye fedha kidogo ni kununua kioo kizuri kisicho smart, na kifaa chenye kibali cha kuchomeka baadaye.

Kwa nyumba ya Pwani, uliza kama ndani mna T2 na S2 zote mbili. T2 ni ya antena, S2 ni ya dishi. Na yahesabiwe matundu ya HDMI: mawili ni machache, matatu yanatosha.

Tokeni na radi

Nyuma ya kila runinga pana namba yenye herufi W. Runinga ya wati 40 ikiwashwa saa tano kwa siku hula uniti sita kwa mwezi. Ya wati 100 hula 15. Kwa mwenye friji na feni tofauti hiyo humezwa. Lakini tangu bei za Aprili 2023, kundi la umeme la nafuu kabisa nyumbani ni la wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi. Nyumba ndogo inayoishi chini ya mstari huo inaweza kuvushwa na runinga peke yake.

Ongeza hasara ya stima kupotea na kurudi kwa kishindo. Kifaa cha kulinda, kile kinachochelewesha umeme hadi utulie, ni sehemu ya bei ya runinga. Asiyekihesabu hajamaliza hesabu. Na masika ya Aprili na Mei yakianza kunguruma, chomoa plagi pamoja na waya wa antena. Radi hupitia kote.

Sheria inalinda nini

Karibu kila duka lina kibao: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Hata hivyo, Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na ya maelezo anayohitaji ili afaidike nazo. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Tafuta alama ya shirika la viwango, KEBS, chukua risiti, dai kadi ya waranti yenye mhuri na tarehe, na uwashiwe runinga yako, ile itakayotoka kwenye boksi lako, kabla hujalipa.

Lakini hapa ndipo kiini cha makala hii. Sheria inakulinda na runinga mbovu. Haikulindi na runinga kubwa mno. Hakuna afisa atakayekurudishia fedha kwa sababu mlango wa chumbani haufunguki.

> "Sheria inakulinda na runinga mbovu. Haikulindi na runinga kubwa mno."

Na fedha hizo si za kuchezea. Kwa familia nyingi hapa runinga ni zamu nzima ya chama, ni miezi ya kujinyima. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda cha deni hakionekani siku ya kwanza. Anayelipa kidogo kidogo ajumlishe malipo yote kwanza, kisha alinganishe na bei ya taslimu. Jumla hiyo ndiyo bei yake halisi.

Kiti cha nyanya

Mwezi uliopita jamaa yangu alirudia zoezi lote, safari hii kwa mpangilio. Alitoa leso ya mkewe, akaibandika ukutani, na watu wakakaa mahali pao. Ilikuwa kubwa. Akaikunja. Watoto wakalalamika. Akaikunjua kidogo. Mlango wa chumbani ukafunguliwa na kufungwa mara mbili, ukapita.

Kisha wote wakamgeukia nyanya. Aliitazama leso kwa muda, akasogeza kiti chake inchi chache, akaegemea, akasema hapo sawa.

Futi ya cherehani ilisoma sentimita 96. Jamaa yangu aliandika namba hiyo kwenye kiganja, akashuka kwenda kutafuta matatu ya mjini.